Bangili iko rehani, pesa ninayo, duka linaniambia "njoo keshokutwa"

SWALI: Habari za kazi. Mwezi uliopita niliweka rehani bangili yangu ya dhahabu kwenye duka moja huku Mbagala, nikachukua laki nne za ada ya mwanangu. Tulikubaliana riba ya asilimia 20 kwa mwezi, yaani nirudishe 480,000. Siku ya 29 nikaenda na pesa yote. Kijana wa kaunta hakuinua hata uso kwenye simu yake, akasema funguo za sefu anazo bosi na bosi kasafiri, njoo keshokutwa. Keshokutwa nimeenda, naambiwa mwezi wa pili umeshaingia, nilipe 560,000. Nilipolalamika akanijibu, "Mama, kama hutaki, kashtaki." Bosi hapokei simu. Karatasi niliyopewa imeandikwa "bangili 1 ya njano" na kiasi cha pesa, basi. Hii kweli ni haki yao? Na nifanye nini?
Msomaji, Dar es Salaam

JIBU: Pole sana, dada yangu. Nianze na lile linalokunyima usingizi: hapana, hiyo si haki yao. Ulifika ndani ya muda, mahali palepale mlipokubaliana, ukiwa na pesa kamili. Aliyeshindwa kutimiza ahadi siku ile ni duka. Mwezi wa pili hauwezi kuhesabiwa kwako eti kwa sababu funguo zilikuwa mfukoni mwa mtu aliyesafiri. Sheria yetu ya Mikataba iko wazi hapo: mdaiwa akijitokeza kulipa deni lote bila masharti, kwa wakati na mahali panapofaa, na anayedai akakataa kupokea, kuchelewa huko si kosa la mdaiwa na wala hapotezi haki zake.

Lakini haki hiyo inasimama kwa ushahidi, na hapa ndipo wengi wanapokwama. Wanaoniletea malalamiko ya maduka ya rehani karibu wote huanza na dharau: nimesubirishwa, nimejibiwa ovyo, nimeitwa masikini mbele ya watu. Yanauma, na mtu mzima aliyekuja kulipa deni lake hastahili kutendewa hivyo. Ila kwenye biashara ya rehani huduma mbovu haiishii kwenye kukosa adabu. Ina bei, na unailipa wewe. Ukijibiwa vibaya kwenye duka la vitenge unatoka, unaingia la jirani. Hapa huwezi kutoka, kwa sababu mali yako iko ndani, na kila "njoo kesho" inasogeza tarehe mpaka riba mpya iingie. Kwa hiyo swali nitakalokubana nalo mimi ni moja tu: ile siku ya 29 uliyofika na pesa, imeandikwa wapi?

Kama haijaandikwa popote, iandike leo. Tuma ujumbe kwenye namba ya bosi, hiyohiyo asiyopokea. Asipopokea haidhuru, maana ujumbe unabaki na tarehe yake, na tangu Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 jumbe za namna hii zinakubalika kama ushahidi. Uandike hivi, bila tusi hata moja:

"Habari. Mimi ni (jina kamili), mwenye karatasi ya rehani ya tarehe fulani, mkopo wa Sh 400,000, dhamana bangili ya dhahabu. Tarehe fulani, saa fulani asubuhi, kabla ya mwezi kuisha, nilifika dukani kwako na Sh 480,000 kamili kukomboa bangili. Mhudumu aliniambia mwenye funguo amesafiri, nirudi tarehe fulani. Nimerudi siku hiyo, nikadaiwa Sh 560,000. Sikubali riba ya mwezi wa pili, kwa kuwa nilikuja kulipa ndani ya muda na sikupokelewa. Pesa ipo tayari. Naomba uniambie siku na saa ya kuja kuchukua bangili yangu. Naomba pia isiuzwe wala kuhamishwa."

Akijibu kwa simu, msikilize, kisha mwandikie tena: "Kama tulivyoongea sasa hivi, umesema nije Jumatano saa nne." Maneno ya simu hupotea mkishakata.

Halafu rudi dukani na mtu mzima mwingine. Akiwa mjumbe wa shina au mtu wa serikali ya mtaa, vizuri zaidi, kwa sababu kijana aliyekuambia "kashtaki" huwa anakaa sawa akimwona mjumbe. Nenda asubuhi, mchana kweupe, na pesa iliyohesabiwa. Iweke juu ya kaunta ionekane, na mkono wako uwe juu yake. Sema: "Nimekuja kukomboa, hii hapa pesa, naomba mzigo wangu." Wakikataa, omba waandike kwa mkono wao kwamba umefika na wamekataa. Wakikataa hata kuandika, basi wewe na shahidi wako andikeni mkiwa bado hapohapo: tarehe, saa, maneno yaliyosemwa, nani alikuwepo. Wekeni sahihi.

Usimwachie kijana pesa "ili bosi akirudi amalizie". Wala usitume kwenye namba yake binafsi. Ukilipa kwa simu, lipa kwa namba ya biashara iliyo kwenye jina la duka, na ulipe bangili ikiwa imeshatolewa kwenye sefu na umeiona kwa macho.

Sasa nije kwenye riba, maana kwenye swali lako umeipita haraka kana kwamba haina shida. Ina shida. Tangu ilipotungwa Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 na kanuni zake za 2019, anayekopesha watu kama biashara bila kupokea amana anatakiwa awe na leseni ya Benki Kuu, ile inayoitwa ya daraja la pili. Leseni ya biashara ya halmashauri peke yake haitoshi, wala TIN, wala cheti cha BRELA. Na kwa wakopeshaji wa daraja hilo Benki Kuu imeweka ukomo wa riba wa asilimia 3.5 kwa mwezi. Piga hesabu: asilimia 3.5 ya laki nne ni Sh 14,000. Wewe umekubali 80,000, na sasa unadaiwa 160,000. Ndiyo maana mitaani mikopo ya namna hii inaitwa kausha damu.

Kwa hiyo ukiwa dukani, tazama ukutani. Leseni inatakiwa iwe mahali panapoonekana. Soma jina lililoandikwa: ni la duka hili au la kampuni nyingine? Orodha ya wenye leseni pia iko kwenye tovuti ya Benki Kuu, na kijana wa sekondari anaweza kukutafutia kwa dakika chache. Jibu lolote utakalolipata lina faida kwako. Kama wana leseni, wana kitu cha kupoteza, na anayesimamia leseni hiyo anajulikana. Kama hawana, wanafanya biashara isiyoruhusiwa na hawatapenda jambo hili lifike mbali. Usichukulie, hata hivyo, kwamba duka likikosa leseni laki nne ulizopokea zimegeuka zako. Ulizichukua, zirudishe. Unachopinga ni kile kilichozidi.

Najua utaniuliza: basi nikatae kabisa hata ile 480,000? Wapo watakaokushauri hivyo. Mimi nasema ikomboe kwanza, dai baadaye. Sababu yangu ni sonara. Bangili inayotoka kwenye sefu la rehani kwenda kuuzwa mara nyingi haikai dirishani ikisubiri mnunuzi. Inapelekwa kuyeyushwa. Ikishayeyushwa, hata ukishinda kesi utarudishiwa pesa, bangili yenyewe imekwisha. Kama ni ya harusi yako, au aliyekupa ni marehemu mama yako, hakuna hakimu wa kuirudisha. Kwa hiyo wape 480,000 mliyokubaliana, chukua mali yako, kisha lalamikia riba ukiwa nayo mkononi. Wakishikilia 560,000 na unaona kweli bangili iko hatarini, na pesa unaweza kuipata bila kwenda kukopa kwingine, lipa, lakini risiti itaje kiasi chote, na siku hiyohiyo mtumie bosi ujumbe: "Nimelipa Sh 80,000 za ziada kwa kulazimika ili nipate mali yangu. Sikubaliani nazo na nitazidai." Ukilipa kimyakimya, kesho watasema uliridhia.

Kabla hujatoa hata shilingi, ipimwe mbele yako. Hapa nakaa kidogo, maana ile karatasi yako imenisikitisha kuliko hata majibu ya yule kijana. "Bangili 1 ya njano." Hayo si maelezo ya dhahabu. Shaba ni ya njano, na bangili ya kuchovya pia ni ya njano. Ukirudishiwa nyingine ya njano, nyepesi au ya karati ya chini, karatasi yako itawatetea wao. Ilitakiwa iandikwe gramu ngapi, karati ngapi, ina nakshi gani, ina mkwaruzo wapi.

Geuza bangili, tazama upande wa ndani karibu na kifungo. Mara nyingi kuna namba ndogo iliyogongwa: 750 ni karati 18, 875 ni karati 21, 916 ni karati 22. Hizo namba ni sehemu za dhahabu halisi katika kila 1,000. Bangili ya gramu 12 ya karati 21 ina gramu 10.5 za dhahabu halisi. Uzito uleule ukiwa wa karati 18 ni gramu 9. Gramu moja na nusu si kitu kidogo, na ukivaa mkononi tofauti huioni. Mzani nao uutazame: mizani ya biashara hukaguliwa na Wakala wa Vipimo na huwekwa alama ya ukaguzi. Usipoiona alama, au mzani ukiwa hausomi sifuri kabla bangili haijawekwa, mwambie arekebishe. Usione haya.

Najua huna kumbukumbu ya gramu. Tafuta basi vingine: risiti ya sonara aliyekuuzia, picha za harusi au za Idi ambapo mkono unaonekana vizuri, dada au shoga anayeijua ile nakshi. Viweke pamoja sasa hivi, kabla hujarudi dukani, ili ukiinyanyua bangili ujue unatafuta nini.

Na sheria inasemaje kuhusu kuuza? Kwenye karatasi nyingi za rehani kuna mstari wa chini, wenye herufi ndogo: "Mteja asipofika ndani ya siku 30, mali ni ya duka." Watu wakiusoma huo mstari hukata tamaa na kuacha mali zao. Msikate tamaa. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inampa aliyeshika rehani haki ya kuishikilia mpaka alipwe, na mdaiwa akishindwa, haki ya kuiuza, lakini baada ya kumpa mwenye mali taarifa ya muda wa kutosha kwamba inakwenda kuuzwa. Ikiuzwa kwa zaidi ya deni, kinachozidi ni chako. Ikiuzwa kwa pungufu, upungufu huo unadaiwa wewe. Lazima niliseme hilo pia. Na mpaka dakika ambayo haijauzwa, hata kama siku ya malipo imeshapita, unaruhusiwa kuja kukomboa kwa kulipa deni na gharama halali zilizotokana na kuchelewa kwako. Wewe hata kuchelewa hukuchelewa.

Sheria hiyohiyo inamtaka mwenye duka aitunze mali yako kama mtu mwangalifu anavyotunza ya kwake ya thamani hiyo, na haimruhusu kuitumia bila ridhaa yako. Nalisema hili kwa ajili ya wasomaji wengine zaidi, wale wanaoweka bondi simu, kompyuta na pikipiki. Kuna watu wamekuta pikipiki iliyokuwa rehani imeongezeka kilomita. Andikeni kilomita siku ya kuiacha, pigeni picha dashibodi. Kwa simu, bonyeza *#06#, namba ya IMEI itatokea, na hakikisha imeandikwa kwenye karatasi. Toa laini, toa picha zako, ondoa akaunti za pesa. Na popote pale usiache kitambulisho chako halisi cha NIDA wala kadi ya benki na namba ya siri, hata wakikuambia ndiyo utaratibu wa ofisi.

Nirudi kwako. Ujumbe ukipuuzwa na ziara ya pili ikishindikana, andika barua ya malalamiko kwa mwenye duka. Ukurasa mmoja unatosha: nini kilitokea, unadai nini, unampa siku ngapi kujibu. Peleka nakala mbili, moja wagonge muhuri wa kupokea au waweke sahihi, ubaki nayo. Barua hii ina kazi yake, kwa sababu Benki Kuu ikipokea malalamiko yako itakuuliza kwanza kama ulimpa mtoa huduma nafasi ya kuyatatua. Ukiwa na nakala, swali limeisha. Malalamiko yenyewe unaweza kuyawasilisha kwa mfumo wao wa Sema na BoT mtandaoni, au kwa kufika ofisini kwao. Nyie wa Dar mko karibu, na wa mikoani kuna ofisi zao Arusha, Mwanza, Mbeya, Mtwara na Dodoma, na Zanzibar pia. Ambatanisha picha ya karatasi ya rehani, nakala ya ujumbe, barua iliyogongwa muhuri, na maelezo ya shahidi.

Polisi? Kwa hatua uliyopo watakuambia hayo ni madai, na watakuwa sahihi. Mambo yakibadilika, yaani duka likikana kwamba liliwahi kupokea bangili yako, au ukigundua imeuzwa kinyemela, nenda kituoni ufungue jalada upewe RB. Vinginevyo njia yako ni Mahakama ya Mwanzo. Bangili na deni la kiasi hicho viko ndani ya uwezo wake, kesi inaendeshwa kwa Kiswahili, na unaweza kujisemea mwenyewe. Ukiogopa kusimama peke yako, ulizia ofisi ya kata kuhusu wasaidizi wa kisheria, wale wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Hawakutozi, na wengi ni wepesi wa kuandika hati ya madai kuliko unavyodhani.

Jambo moja nakuomba usilifanye. Usiweke picha ya yule kijana wala jina la duka mitandaoni na maneno makali. Najua inavyovutia, na watu watakushangilia. Lakini utawapa wao cha kukushtaki, wakati kwa sasa anayedai ni wewe. Zaidi ya hapo, kijana mwenyewe inawezekana hana mamlaka hata ya kukusamehe shilingi mia. Katika maduka mengi ya aina hii mwenye mtaji ndiye mwenye sefu, na aliyekaa kaunta amepewa daftari na maneno matatu ya kujibu. Hiyo haimpi ruhusa ya kukudharau. Ila inakuonyesha kwa nini barua yako iende kwa bosi na si kwake.

Nimewahi kukaa na wenye maduka haya na kuwasikiliza. Wanalalamika juu ya wateja wanaoleta mali ya wizi, wanaotoa namba za simu za uongo, wanaopotea miezi sita kisha wanarudi na fujo. Ni kweli yapo. Mwenye duka makini anajikinga kwa kudai risiti ya ununuzi, kuandika kila kitu, na kukupigia wiki moja kabla ya siku kufika. Wapo wanaofanya hivyo, na wateja wao hurudi mwaka hadi mwaka, ada ikifika au mgonjwa akilazwa. Anayeishi kwa kutegemea mali zisizokombolewa hana sababu ya kukupigia. Kwake, mteja aliyekuja siku ya 29 na pesa kamili ni hasara, na ndiyo maana funguo za sefu hazipatikani.

Ukilazimika tena siku nyingine, fika kwanza bila mali. Muulize: nikija siku yoyote ya wiki na pesa, nani ananikabidhi mzigo wangu? Kama jibu ni mtu mmoja ambaye hayupo, ondoka. Omba usomewe mkataba kwa Kiswahili, uone jumla ya pesa utakayorudisha imeandikwa kwa tarakimu, na upewe nakala yako. Tena ulizia kwanza SACCOS ya kazini au kikoba chenu, kwa sababu laki nne ya ada ni kiasi ambacho vikundi vingi vya akina mama huweza kukitoa bila kugusa mkono wako.

Na kama una wasiwasi kwamba huenda bangili imeshauzwa, kuna njia ya kujua mapema. Kabla ya kuongea riba yoyote, mwambie kijana akuonyeshe. "Sitoi pesa kwa mzigo nisiouona" ni sentensi ya haki kabisa. Wakiitoa, ipime, ipige picha, muendelee na hesabu. Wasipoitoa mara ya kwanza, wape saa ya kuitoa siku hiyohiyo. Wasipoitoa hata jioni, achana na habari ya 480,000 au 560,000. Hapo wewe ndiye unayedai: thamani ya bangili kwa bei ya dhahabu ya siku hiyo, ukitoa deni lako halali. Pita kwa masonara wawili, waulize bei ya gramu moja ya karati yako, waandike kwenye karatasi yenye jina la duka lao, na uiambatanishe kwenye madai.